Majina ya Kampaundi za Elementi Mbili

Udongo wa Meru na Embu, uoteshao kahawa na chai, ni mwekundu kwa sababu ya chuma kilichoungana na oksijeni. Kutu ya jembe lililoachwa mvuani ni ya ukoo huo huo. Kitu chenye elementi mbili tu, zilizoungana hata zikawa kitu kipya, huitwa kampaundi ya elementi mbili. Kuungana si kuchanganyika. Mchanga na chumvi vikichanganywa, kila kimoja hubaki na tabia yake. Bali sodiamu, metali iwezayo kuwaka ikitiwa majini, na klorini, gesi yenye sumu, zikiungana huwa chumvi ya kutia katika mboga.

Kanuni ya majina si ngumu. Metali hutajwa kwanza, na jina la elementi ya pili hubadilishwa mwisho wake ukawa -idi. Kwa hiyo chumvi ni sodiamu kloridi. Magadi hayamo katika kundi hili, kwa kuwa elementi zake zapita mbili. Maji yamo, kwani ni haidrojeni na oksijeni, lakini hata wataalamu huyaita maji tu.

Ikiwa elementi zote mbili si metali, hesabu huingia katika jina: mono ni moja, dai ni mbili. Hapa msomaji asipite upesi. Makaa yakiwaka penye hewa ya kutosha, kila atomu ya kaboni hushika mbili za oksijeni, nayo ni kaboni daioksidi, ile itokayo katika pumzi ya mtu. Hewa ikipungua, atomu ya kaboni hupata moja tu. Hiyo ni kaboni monoksidi, nayo huua.

Mwezi wa Julai, baridi na ukungu vishukapo kutoka Mlima Kenya, wako watu waingizao jiko chumbani na kufunga madirisha. Hudhani kwamba makaa yakiisha kutoa moshi, hatari imekwisha. Sivyo. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na hushikamana na damu kwa nguvu ipitayo ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Kichwa huuma, kizunguzungu na kichefuchefu hufuata, viungo hulegea. Na aliyekwisha kulala huenda asiamke. Akutwaye katika hali hiyo atolewe mara moja penye hewa safi, kisha apelekwe hospitali. Jiko la makaa liwashwe nje, wala lisilale chumbani pamoja na watu, hata kama makaa yaonekana kuwa majivu.