Tendo Moja la Kidole, Amri Mbili

Katika mazoezi ya kufundisha niliyokagua hivi karibuni, mwanafunzi wa Darasa la Tano alikuwa akijaza majibu ya jiografia kwenye kishikwambi. Alipofika swali la nane alitaka kulitazama tena swali la kwanza. Akavuta kidole kuelekea chini, ukurasa ukafika mwanzo wake, naye akazidi kuvuta. Kivinjari kikaupakia ukurasa upya, na majibu yake saba yakatoweka. Mwanachuo aliyekuwa akifundisha alimkemea kwa kuchezea chombo. Mtoto hakuwa akicheza.

Tangu vishikwambi vya Sensa ya mwaka 2022 vilipogawiwa walimu, wanachuo hukutana navyo shuleni, mara nyingi kabla ya kujifunza tabia zake. Kioo cha kugusa hakina kipanya wala safu ya vitufe. Kwa hiyo tendo moja la kidole hubebeshwa kazi zaidi ya moja. Kuvuta chini ni kuusogeza ukurasa. Lakini ukurasa ukiwa umekwisha kufika juu kabisa, kuvuta kule kule huwa ni amri ya kuupakia upya. Mtindo huu ulianzishwa na Loren Brichter katika programu yake ya Tweetie, ambamo watu walisoma jumbe fupi. Hapo ulifaa sana, maana msomaji alitaka jumbe mpya wala hakuwa na cha kupoteza. Vivinjari vilipouiga, mwenye kujaza majibu akaingia hatarini.

Mgongano mwingine uko pembeni. Katika Android 10, iliyotolewa mwaka 2019, kutelezesha kidole kutoka ukingo wowote wa kushoto au kulia kuliwekwa kuwa njia ya kurudi nyuma. Mtoto anayeburuta picha kutoka ukingoni aweza kujikuta amekwisha kuuacha ukurasa wa somo.

Mtengenezaji wa ukurasa anao uwezo wa kuzuia tendo la kwanza. Chrome imeruhusu hivyo tangu mwaka 2017. Mwalimu hana uwezo huo, ila anayo maandalizi. Na alifanye zoezi zima yeye mwenyewe, kwa chombo kile kile watakachotumia watoto, huku akivuta kidole ovyo kwa makusudi. Akiona majibu yanapotea, basi watoto wayaandike kwanza katika daftari. (Wapo watakaosema huku ni kurudi nyuma. Mimi sioni hivyo.) Kwa vyovyote vile, zoezi ambalo halijajaribiwa lisitumiwe kutolea alama.

Yule mwanafunzi nilimwomba arudie tendo lile polepole, mara hii katika ukurasa usio na kazi, wenzake wakitazama. Mara ya tatu aliuona mshale wa duara ukichungulia juu ya kioo kabla ukurasa haujapakiwa. Hakukiachia kidole; alikirudisha juu taratibu, mshale ukajificha, na ukurasa ukabaki ulivyokuwa.