KABLA YA KUNUNUA PROSESA, IULIZE MASHINE KWANZA



Vikundi vingi vya kujisaidia, kuanzia Njoro na Molo hadi Subukia na Gilgil, vina kompyuta ya mezani iliyonunuliwa ikiwa imetumika. Ndiyo inayoweka hesabu ya michango, kuchapa barua za kwenda kwa chifu, na kusaidia vijana kujaza fomu za eCitizen. Baada ya miaka kadhaa mashine inaanza kwenda polepole. Fundi anaitwa, anaitazama, anasema, "Hii tubadilishe prosesa tu, itakimbia." Mweka hazina anafungua sanduku.

Ngoja kwanza! Hizo ni pesa za wanachama, zimechangwa kidogo kidogo. Somo la leo ni hili: prosesa kutoshea mahali pake si hakikisho kwamba itafanya kazi.

BIOS ni nini?

Prosesa ndiyo inayofanya hesabu zote za kompyuta. BIOS ni programu ndogo iliyohifadhiwa kwenye mazabodi, ule ubao mkubwa ulio ndani. Ukiwasha mashine, BIOS huamka kwanza, kabla ya Windows. Ni kama bawabu mwenye orodha ya wageni. Prosesa isiyo kwenye orodha yake haifunguliwi mlango. Feni itazunguka, taa itawaka, lakini kioo kitabaki cheusi.

Tuchukue mfano. Soketi iitwayo LGA 1155 ilipokea prosesa za Intel za kizazi cha pili, zilizotoka 2011, kama Core i5-2400. Ilipokea pia za kizazi cha tatu, zilizotoka 2012, kama Core i5-3470. Kwa macho, zote zinatoshea. Lakini Dell OptiPlex 790 hukubali kizazi cha pili peke yake, na OptiPlex 7010 hukubali vyote viwili. Mazabodi nyingine za 2011 hukubali kizazi cha tatu baada tu ya BIOS kufanywa mpya. Unaona basi? Soketi ni moja, majibu ni matatu.

Hatua za kufuata

1. Andikeni jina kamili la mashine na namba yake. Mara nyingi limebandikwa ubavuni au nyuma.

2. Tafuteni toleo la BIOS. Katika Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha Enter. Utaona toleo na tarehe yake.

3. Someni orodha ya prosesa zinazokubalika kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza mashine. Kama hamna intaneti, mtumeni kijana aende saiba na ile karatasi. Orodha ikitaja toleo la BIOS, lilinganisheni na lenu.

4. Angalieni wati. Pentium G620 ni ya wati 65, lakini i5-2400 ni ya wati 95. Feni na pawasaplai lazima ziweze kubeba mzigo huo.

5. Kama BIOS inahitaji kufanywa mpya, fanyeni hivyo prosesa ya zamani ikiwa bado ndani. Chukueni faili ya kampuni yenyewe, ya mashine hiyo hasa. Stima ikipotea katikati ya kazi hiyo, mazabodi inaweza kufa kabisa. Sisi sote twajua stima zetu wakati wa mvua. Tumieni UPS yenye chaji, au ngojeni siku nyingine.

6. Msiuze prosesa ya zamani mpaka mpya ifanye kazi. Kioo kikibaki cheusi, hiyo ya zamani ndiyo itakayowarudisha mlipokuwa. Na muuzaji aandike kwenye risiti kwamba prosesa isipokubali, itarudishwa.

Je, ni prosesa kweli?

Mara nyingi mashine huchelewa kwa sababu RAM ni kidogo au diski ni ya zamani, ile inayozunguka. Kuweka SSD kunaweza kusaidia kuliko prosesa. Tena, msidanganywe kwamba i5 ya 2012 itawapeleka Windows 11. Kwa upande wa Intel, Microsoft inataka kizazi cha nane au zaidi, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Huenda ikafaa zaidi kuweka akiba ya mashine nyingine.

Maswali ya kujadiliana

- Nani katika kikundi chetu anaijua namba ya kompyuta yetu?
- Fundi akileta ushauri, tunamwomba atuonyeshe orodha?
- Kazi tunayofanya inahitaji prosesa mpya, au RAM na SSD zingetosha?

Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari. Nusu saa ya kusoma orodha inaweza kuokoa michango ya miezi mingi. Mkutano ujao, mwandishi aje na jina la mashine na toleo la BIOS, yasomwe mbele ya wote na kuandikwa kwenye kitabu cha kikundi.