Moto Unaoanzia Ndani ya Waya

Wazee waliohamia Borabu katika miaka ya 1960, mashamba makubwa ya walowezi yalipogawanywa kwa wananchi, walikuja na taa za koroboi. Moto wa koroboi waliujua. Mtoto akiiangusha, mafuta humwagika, na kila mtu huona kwa macho mahali moto ulipoanzia. Moto wa stima hauko hivyo. Waya waweza kuharibika juu ya dari kidogo kidogo kwa miezi mingi, huku taa ikiwaka vizuri na redio ikiimba, kisha usiku mmoja nyumba ikashika moto watu wamelala. Ndiyo sababu somo la mwezi huu halihusu ng'ombe wala chai, bali nyaya za nyumba yako.

Nyumba nyingi za Nyamira na Kisii zilipata stima baada ya mwaka 2015, Serikali ilipoanza mpango wa kuwafikia watu waliokaa karibu na transfoma, na gharama ya kuunganishwa ikashuka kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Fundi aliweka globu tatu au nne na soketi moja au mbili za kuchajia simu. Kisha bonasi ya chai ikalipwa, na watu wakashuka Keroka au Kisii mjini kununua pasi, birika la stima, televisheni, na wenye uwezo friji. Mzigo umekuwa mkubwa, lakini nyaya ni zilezile.

Yafaa kujua waya hupataje joto. Stima ikipita ndani ya waya hukutana na kizuizi, na kizuizi hicho hutoa joto. Pasi imetengenezwa makusudi ili ipate joto namna hiyo. Waya wa nyumba haukutengenezwa kuwa pasi, lakini ukibebeshwa kupita kiasi utakuwa pasi. Tena jambo hili wengi hawalijui: stima inayopita katika waya ikizidi mara mbili, joto halizidi mara mbili, huzidi mara nne.

Sasa chukua kalamu. Kila chombo cha stima kina kibandiko kinachoonyesha wati zake. Gawanya wati hizo kwa 240, ambayo ndiyo volti ya stima ya nyumbani Kenya, nawe utapata ampea. Birika la wati 2,000 huvuta ampea 8 na zaidi kidogo. Pasi ya wati 1,200 huvuta ampea 5. Tuseme ni asubuhi, watoto wanachelewa shule, na mama amechomeka birika na pasi pamoja katika ekstensheni moja. Jumla yake ni zaidi ya ampea 13. Lakini ekstensheni nyingi za bei rahisi zina waya mwembamba wa milimita mraba 0.75, ambao kiasi chake ni ampea 6 tu. Na kama waya huo umeviringishwa chini ya kitanda au umefunikwa na mkeka, joto halina pa kutokea.

Mtu atasema, "Fyuzi itakatika." Hapana, haitakatika upesi. Fyuzi ya ampea 13 iliyo ndani ya plagi haioni kosa lolote, maana mzigo huo ni karibu sawa na kiasi chake. Waya mwembamba utaungua kabla fyuzi haijakatika. Kwa hiyo taa ya mezani au redio iwekewe fyuzi ya ampea 3, wala si ya 13. Na yule anayeondoa fyuzi na kuweka msumari, au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, amemfukuza mlinzi na kuacha mlango wazi. Fyuzi ikikatika mara kwa mara, tafuta sababu. Usimwadhibu mlinzi kwa kupiga kelele.

Birika na pasi vichomekwe katika soketi ya ukutani, kimoja baada ya kingine. Dakika tano za kungoja hazimzuii mtoto kusoma.

Nenda sasa ukatazame juu ya dari, kwa maana hapo ndipo wakulima tuna hatari ambayo watu wa mjini hawana. Wengi wetu huhifadhi mahindi humo. Mahindi huleta panya. Panya hatafuni waya kwa njaa. Meno yake ya mbele hayaachi kukua, basi hutafuta kitu cha kuyapunguzia, na mpira wa waya humfaa sana. Akisha kuumenya, shaba mbili hukaa wazi karibu karibu, na zikigusana cheche huruka. Cheche hiyo huangukia nini? Maganda makavu ya mahindi, vumbi, na mbao zilizokaushwa na moshi kwa miaka. Chakula cha mwaka mzima na nyumba huteketea pamoja.

Mahindi yatoke darini. Yajengewe ghala nje, lenye miguu iliyovikwa mabati ili panya asipande, na nyaya za darini zipitishwe ndani ya mabomba ya plastiki. Sumu ya panya si dawa nzuri hapa, kwani panya hufia darini na nyumba ikanuka wiki nzima. Paka ni bora.

Wanaolea vifaranga nao wasikie. Taa ya joto ikining'inizwa kwa waya wake wenyewe, siku moja itaanguka juu ya taka za mbao, na banda litawaka kabla hujavaa viatu. Ifungwe kwa mnyororo, mbali na taka. Na waya wa mashine ya kukatia majani ya ng'ombe usipitishwe juu ya ua wala ndani ya migomba. Jua huupasua, mvua huingia. Kumgawia jirani stima kwa waya wa namna hiyo ni hatari kwa nyumba mbili, tena ni kuvunja sheria.

Dalili za hatari si ngumu kuzitambua. Plagi iliyobadilika rangi, soketi inayolia kama mafuta kikaangoni, taa inayofifia birika likiwashwa, harufu ya plastiki inayoungua. Mara nyingi kosa ni kiungo kilicholegea, au nyaya mbili zilizosokotwa kwa mkono na kufungwa kwa utepe. Zima swichi kuu, umwite fundi mwenye leseni ya EPRA. Mwombe akuonyeshe leseni yenyewe. Fundi wa kweli hakasiriki. Huyo huyo aipime nguzo ya shaba inayopeleka stima ardhini, kwa sababu udongo ukikauka katika Januari na Februari nguzo hiyo hupungukiwa kazi, na mahali pengine wezi wameichimbua bila mwenye nyumba kujua.

Ngurumo zikianza, kama ilivyo desturi ya milima yetu alasiri, chomoa plagi za televisheni na friji kabla radi haijakaribia. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Radi ikiwa imekwisha fika, usiguse plagi hata moja.

Moto ukishika, toa watoto kwanza. Kama swichi kuu yafikika bila hatari, izime. Usimwage maji juu ya kitu chenye stima, maana maji huipitisha stima hadi mkononi mwako. Tumia mchanga au udongo mkavu, moto ukiwa bado mdogo. Ukisha kufika darini, tokeni wote, wala mtu asirudi kuchukua godoro au hati ya shamba. Hati hupatikana nyingine. Waya ulioanguka barabarani au katika chai usiguswe hata kwa fimbo. Weka mtu mzima wa kuzuia watoto na ng'ombe, kisha pigia Kenya Power simu namba 97771.

Usiku wa leo, maji yakisha kuchemka, zima swichi ya ukutani, chomoa plagi ya birika, na uishike. Ikiwa ya moto kiasi cha kukufanya uiachilie, birika hilo lisichomekwe tena hapo mpaka fundi aje.