Gari la Kukodi Barani Ulaya: Kanuni za Kuzingatia

Dereva wa Afrika Mashariki aliyezoea kupita kushoto atakuta desturi hiyo Uingereza, Ayalandi, Malta na Kupro. Katika nchi nyingine za Ulaya magari hupita kulia. Ufaransa na Ujerumani, kwenye makutano yasiyo na alama wala taa, mpishe anayetokea kulia kwako, hata kama barabara yake ni nyembamba kuliko yako.

Italia yahitaji uangalifu zaidi. Miji kama Roma na Florence ina maeneo yaliyozuiliwa magari yasiyo na kibali, yenye kibao cha herufi ZTL. Mara nyingi hapana kizuizi wala askari. Kamera husoma namba ya gari. Kampuni iliyokukodisha hukabidhi jina lako kwa mamlaka na kukutoza ada ya kazi hiyo. Ada hiyo si faini. Faini hufuata kwa barua, pengine baada ya miezi kadhaa. Ukiilipa ndani ya siku 5 tangu kuipokea, kwa kawaida hupunguzwa asilimia 30.

Kabla ya kutia saini mkataba, soma kifungu cha ada. Hoteli yako ikiwa ndani ya eneo hilo, iulize mapema namna ya kuandikisha gari.