Picha za Kughushi na Kumbukumbu ya Mwanadamu

Tangu kamera ilipoanza kuenea katika karne ya 19, picha imepewa na watu wengi heshima ya shahidi asiyesema uongo. Mtu akisikia habari huweza kusema kwamba msimulizi ametia chumvi. Akionyeshwa picha, hunyamaza. Heshima hiyo haikustahiki hata zamani. Katika Urusi ya Stalin, Nikolai Yezhov, aliyekuwa mkuu wa polisi wa siri, alipigwa picha akiwa kando ya kiongozi wake ukingoni mwa mfereji. Baada ya kuuawa mwaka 1940 alifutwa katika picha hiyo, na mahali alipokuwa pakaonekana maji matupu. Kazi ya namna hiyo ilihitaji fundi stadi na subira nyingi. Leo hufanywa kwa simu ya mkononi katika dakika chache.

Lakini iko hatari isiyofahamika vya kutosha, hata miongoni mwa waliosoma. Picha ya kughushi haimdanganyi mtu juu ya mambo ya mbali tu. Huweza kumdanganya juu ya maisha yake mwenyewe.

Mwaka 2002 Kimberley Wade na wenzake, watafiti wa New Zealand na Kanada, walichapisha matokeo ya jaribio moja la ajabu. Walichukua watu wazima 20, wakapata kwa jamaa zao picha za utotoni. Kwa kila mmoja walitengeneza picha moja ya uongo: mtoto yule aliwekwa, kwa kompyuta, ndani ya kikapu cha puto la hewa moto, la aina ile inayowapandisha watalii angani kule Serengeti. Jamaa walikuwa wamethibitisha kwamba safari hiyo haikupata kutokea. Kisha kila mtu alionyeshwa picha tatu za kweli pamoja na hiyo ya uongo, akaombwa aeleze anachokumbuka. Mahojiano yalifanywa mara tatu katika muda wa wiki moja au mbili hivi. Kufikia mahojiano ya mwisho, nusu ya watu hao walikuwa “wameikumbuka” safari ya puto, ama yote ama kwa sehemu, na wako walioongeza habari zisizokuwamo katika picha. Hawakuwa wakisema uongo. Waliamini.

Sababu imo katika namna ubongo unavyofanya kazi. Wanafunzi wengi hudhani kwamba kumbukumbu ni kama kabati la majalada: jambo huwekwa humo, kisha hutolewa likiwa vile vile. Sivyo. Kila mtu anapokumbuka, ubongo hulijenga tukio upya kwa vipande: sura iliyopata kuonwa, sauti, masimulizi ya wazazi, na mambo yanayoelekea kuwa kweli. Vipande hivyo havibebi daima alama ya mahali vilikotoka. Baada ya siku chache mtu huikumbuka vizuri sura ya kikapu, lakini amesahau kwamba aliiona mezani kwa mtafiti. Yafaa kuongeza, kwa kuitendea picha haki, kwamba haina uchawi wa pekee. Mwaka 2005 Maryanne Garry na Wade waliilinganisha na maelezo mafupi ya maandishi, na maandishi ndiyo yaliyozaa kumbukumbu nyingi zaidi za uongo.

Matukio ya hadhara nayo hayasalimiki. Katika utafiti uliofanywa Italia na kuchapishwa mwaka 2007, Sacchi, Agnoli na Loftus waliwaonyesha watu picha za maandamano ya Beijing ya mwaka 1989 na ya Roma ya mwaka 2003. Baadhi yao walipewa picha halisi, wengine picha zilizobadilishwa. Walioiona picha ya Roma iliyotiwa sura za vurugu walikumbuka ghasia zaidi kuliko wenzao. Tena, na hili ndilo zito, walionyesha nia ndogo zaidi ya kushiriki maandamano siku za usoni.

Mwaka 2014 Ian Goodfellow na wenzake walieleza mbinu ya kushindanisha programu mbili, moja ikighushi na nyingine ikijaribu kuutambua uongo huo, hadi ile ya kwanza ihitimu. Hiyo ni miongoni mwa mbinu zilizofungua njia, na sasa akili mnemba hutengeneza video na sauti za watu walio hai. Hapo ndipo inapozuka hatari ya pili: watu wakishajua kwamba video huweza kughushiwa, huikataa hata iliyo ya kweli.

Gabon ni mfano. Rais Ali Bongo alipatwa na kiharusi Oktoba 2018 akiwa Saudi Arabia. Mwaka mpya ulipoingia, serikali ilitoa video ya hotuba yake. Uso ulionekana mzito, macho yakipepesa kwa nadra, na baadhi ya watu wakadai kwamba video ni bandia. Tarehe 7 Januari 2019 kikundi cha askari kilijaribu kupindua serikali, kikisema kwamba hotuba hiyo imezidisha shaka juu ya uwezo wa rais kuongoza. Kilishindwa. Wataalamu walioichunguza video hawakupata ushahidi kwamba imeghushiwa; uzito wa uso ni jambo la kawaida kwa aliyepatwa na kiharusi. Bongo aliendelea kutawala hadi alipopinduliwa Agosti 2023.

Mwalimu wa fizikia anacho kipimo rahisi cha kutumia darasani, nacho ni rula. Mwanga husafiri katika mistari iliyonyooka. Kwa hiyo, katika picha iliyopigwa juani, mstari ukichorwa kutoka ncha ya kivuli hadi ncha ya kitu chenyewe, kisha ukarefushwa, huelekea jua lilipo, hata kama jua haliko ndani ya picha. Mistari ya vitu vyote haina budi kukutana katika nukta moja. (Jua likiwa nyuma ya mpiga picha, mistari hukutana upande wa chini, likiwa ubavuni kabisa, huwa sambamba.) Mstari mmoja ukienda njia yake peke yake, yaelekea kitu hicho kimebandikwa. Wanafunzi waanze na picha walizopiga wenyewe uwanjani asubuhi, vivuli vikiwa virefu, kabla ya kugusa picha za magazeti. Kipimo hiki kina mpaka wake: picha halisi kabisa, iliyopigwa katika nchi moja na kuandikiwa maelezo kwamba ni ya nchi nyingine, itapita mbele ya rula bila kosa lolote.