Prosesa ya Kompyuta kwa Joto na Vumbi la Gotu

Ukienda dukani kutafuta kompyuta ya mezani, iwe ya shule au ya saiba unayotaka kufungua Gotu, muuzaji atakuuliza: unataka i3, i5 au i7? Usikimbilie kujibu. Kando ya Ewaso Nyiro jua la Isiolo halina huruma, chumba cha mabati huwaka mchana kutwa, vumbi hupenya kila tundu, na anayetegemea sola huhesabu kila wati. Kwa mazingira hayo, tazama kwanza kizazi cha prosesa na umeme inaokula.

Kizazi kinasomeka kwenye nambari. Core i5-8500 ni ya kizazi cha 8. I5-12400 ni ya 12. Wengi huuziwa kompyuta kuukuu za ex-UK zenye kibandiko cha i7, wakidhani wamepata dhahabu. Core i7-2600 ilitoka 2011, ina viini 4 na imekadiriwa wati 95. Core i3-8100 ya 2017 nayo ina viini 4, ni ya wati 65, na kwa kazi za kila siku ndiyo yenye kasi zaidi. Tena kuna suala la Windows. Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka, kwa jumla, kizazi cha 8 kwenda juu. Mtu anayewajazia watu fomu za eCitizen na KRA anashika nywila na nambari za vitambulisho vya wenzake. Hafai kutumia mashine isiyopata tena marekebisho ya usalama.

Kisha angalia herufi ya mwisho. T ni prosesa ya umeme mdogo: i5-8500T ina viini 6 na imekadiriwa wati 35, ilhali i5-8500 ni 65. Kasi yake iko chini kidogo, lakini kwa kuandika barua, kujaza fomu na kuchapisha hutaona tofauti. Zinapatikana kwenye vile visanduku vidogo vya HP, Dell na Lenovo. F maana yake haina picha ndani yake, kwa hiyo itakulazimu kununua kadi ya picha na kuongeza mzigo wa umeme. Kwa AMD, Ryzen 5 5600G ina picha ndani. 5600 bila G haina.

Piga hesabu ya betri. Kisanduku chenye prosesa ya T pamoja na skrini ya LED, kikila wati 45 kwa saa 8, kinamaliza wati-saa 360. Betri ya asidi ya volti 12 na Ah 100 ina 1,200, ila ukitaka idumu usiishushe chini ya nusu, yaani una 600 za kutumia. Hapo unabaki na akiba hata inverta ikichukua sehemu yake. Mashine kubwa ya zamani ikila wati 80 kwa saa hizo hizo inataka 640, na siku ya mawingu itakuzimikia mteja akiwa kitini.

Umeme mdogo ni joto dogo pia. Prosesa nyingi za Intel zikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi zenyewe, na feni iliyojaa vumbi huzifikisha huko upesi. Inua kompyuta kutoka sakafuni, na uipulize vumbi mara kwa mara ikiwa imezimwa, ukiishika feni kwa kidole isizunguke.

Kutoka Gotu hadi Isiolo mjini si mwendo wa kurudi kila siku kulalamika, basi kagua kabla ya kulipa. Iwashe, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua ukurasa wa utendaji, usome jina kamili la prosesa hadi herufi ya mwisho. Na usinunue mashine dhaifu kwa ahadi kwamba utabadilisha prosesa baadaye: madabodi ya kizazi cha 6 hukubali cha 7, lakini cha 8 haikitambui ingawa soketi inafanana. Pesa iliyobaki weka kwenye SSD na RAM ya GB 8.