Kutu Kwenye Reli Ndogo: Namna ya Kuiondoa na Kuizuia

Ukiingia katika maabara yetu ya fizikia utaona kwenye meza ya nyuma ubao mrefu uliopigiliwa reli ndogo za treni ya kuchezea. Usicheke. Treni hiyo ndiyo inayowafundisha kidato cha pili habari za mkondo wa umeme, na haina badala yake. Zunguka madukani kutoka Webuye hadi Kitale ukitafuta reli kama hizo, utarudi Misikhu na vumbi la miguuni tu. Kwa hiyo zilipoota kutu wakati wa likizo ya Agosti, na wengine wakasema ati zipelekwe kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, sisi wa chama cha sayansi tulikataa katakata.

Kwanza tuelewe ugonjwa kabla ya dawa. Treni ya namna hii haibebi betri. Umeme, usiozidi volti 12, hupita katika reli moja, ukapanda kupitia gurudumu hadi kwenye mota, kisha ukateremka kwa gurudumu la upande wa pili na kurudi kwa reli nyingine. Mahali gurudumu linapogusana na reli ni padogo kuliko kichwa cha pini. Sasa, kutu haipitishi umeme vizuri, na tabaka lake jembamba kama karatasi latosha kuisimamisha treni. Jembe lenye kutu bado litalima. Reli hii ikiwa na kutu haina faida kuliko ufito.

Kutu yenyewe ni nini? Wa kidato cha pili watakumbuka jaribio la misumari. Tunachukua neli tatu za kioo. Ya kwanza tunatia msumari na maji ya kawaida. Ya pili tunatia maji yaliyochemshwa ili hewa itoke, kisha tunamimina mafuta juu yake hewa isirudi. Ya tatu tunatia kalsiamu kloraidi inayofyonza unyevu, tukaiziba kwa kizibo. Baada ya wiki moja ni msumari wa neli ya kwanza tu ulioshika kutu. Kumbe maji peke yake hayatoshi, na hewa peke yake haitoshi. Chuma huliwa pale maji na oksijeni vinapokutana juu yake. Chumvi huharakisha mambo, na hapa ndipo wengi hawafikirii vidole vyao. Jasho lina chumvi. Shika reli safi kwa mkono mtupu, uiache siku chache za mvua, utaona alama ya kidole chako imechorwa kwa rangi ya kahawia! Asidi nayo ni vivyo hivyo. Wakazi wa Webuye walilalamika miaka mingi kwamba moshi wa kiwanda cha karatasi ulikuwa unayala mabati yao, kabla kiwanda hicho hakijasimama mwaka 2009.

Mtu atauliza, si mpake rangi tu? Geti hupakwa rangi, bati hupakwa zinki, panga hupakwa mafuta. Lakini uso wa juu wa reli lazima ubaki uchi, maana rangi huzuia umeme kama kutu inavyozuia. Ugumu wote uko hapo: sehemu inayohitaji ulinzi zaidi ndiyo isiyoweza kuvikwa nguo.

Haya, kuondoa. Zima umeme kabisa, kisha tazama kutu ni ya kiasi gani. Ikiwa ni vumbi jekundu tu, chukua ufutio, ile raba ngumu ya kufutia wino, usugue uso wa reli kwa urefu wake. Fagia makombo kwa brashi, halafu pangusa kwa kitambaa cheupe chenye spiriti kidogo. Rudia mpaka kitambaa kitoke cheupe kama kilivyoingia. Spiriti hushika moto upesi, basi pasiwe na jiko la maabara linalowaka karibu.

Msasa je? Ule laini kabisa, na pale tu raba iliposhindwa. Msasa wa seremala huacha mikwaruzo, na kila mkwaruzo ni mtaro wa kukusanyia unyevu na uchafu. Stilwulu ya kusugulia sufuria mimi naipinga kabisa, hata kama inang'arisha vizuri. Huacha nyuzi ndogondogo za chuma, na mota ya treni ina sumaku ndani. Nyuzi zitavutwa humo na kuunganisha nyaya zisizopaswa kugusana.

Vipande vilivyoliwa sana tulivichomoa kwenye mataruma yake, tukavilaza katika siki. Maji ya ndimu pia yanafaa. Tulivitazama kila baada ya muda, kwa kuwa asidi ikimaliza kutu huanza kula chuma chenyewe. Kisha tuliviosha kwa maji ya magadi ili kuua asidi iliyobaki. Musherekha ungefaa vilevile, lakini mpishi alikataa kutupa wake ati anajua mboga, hajui treni. Mwisho ni maji safi, kitambaa kikavu, spiriti, na juani papo hapo. Usiviache vikiwa vibichi ukaenda chakula cha mchana: chuma kilichotoka kwenye asidi hushika kutu mpya haraka ajabu.

Usisahau viungio vya reli na reli. Humo kutu hujificha, treni ikasimama huku juu kunang'aa. Sisi tulitumia betri na glopu ya tochi: waya mmoja upande huu wa kiungio, mwingine upande wa pili. Glopu ikififia, chomoa kiungio hicho usafishe ndani.

Na kuzuia? Angalia reli kubwa. Ukifika Webuye utaona njia ya kwenda Malaba: ubavuni reli ni za kahawia, lakini juu zinametameta, kwa sababu magurudumu ya mabehewa ya mizigo yanazisugua. Hakuna anayezipaka kitu. Sasa linganisha na tawi la kutoka Leseru, lililofika Kitale mwaka 1926 na baadaye likakaa miaka mingi bila treni. Reli isiyopitiwa huwa nyekundu hadi juu. Tena si suala la sura tu. Huko Uingereza na kwingineko, taa nyingi za reli hutambua treni kwa umeme unaopita relini na kwenye magurudumu, na njia isiyotumika mara kwa mara ikishika kutu, treni yaweza kusimama pale bila mitambo kuiona. Jamani, hiyo ni hatari!

Basi treni yetu huzungushwa mara 10 kila Ijumaa, hata kama hakuna somo. Reli hushikwa kwa ubavu, kwa kitambaa. Mafuta ya cherehani hupakwa ubavuni tu, tone moja kwa kipande. Yakifika juu magurudumu huteleza na vumbi hunata. Likizo inapofika, vipande huingia katika mkebe wenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyopatikana ndani ya masanduku ya viatu vipya. Kama umenunua viatu, tuletee vipakiti hivyo. Zamu ya Ijumaa imebandikwa mlangoni mwa maabara, na wiki ya mitihani bado inahitaji majina mawili.